Vibao Vinapoishia

Vibao vya manjano vinaishia kwenye geti la Esgair Lwyd.
Mpaka hapo mtu hahitaji akili:
mshale unasema, mguu unatii.
Ng'ambo ya geti ni nyasi tu,
nyasi na upepo wa Wales usiojua kupiga hodi.

Nimetandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe moja nimeikandamiza kwa buli, ya pili kwa chupa ya siki;
mbili zilizobaki zinajikunja zipendavyo.
Nina penseli, dira, kifutio,
na uzi mwekundu niliouchomoa kwenye sweta lililochakaa.

Kwanza nilipiga rula, toka getini hadi ziwani:
mstari mmoja, kilomita sita, kwisha kazi.
Njia ya mwongo fupi.
Nikaisoma upya ile mistari ya kahawia,
jinsi inavyobanana chini ya mwamba
kama watu waliokimbilia mlango mmoja.
Hapo si mteremko tena, hapo ni kuanguka.
Nikaulaza uzi taratibu, ufuate mgongo wa kilima,
uzunguke chimbuko la kijito, ukwepe korongo,
kisha nikaunyoosha kwenye rula:
kilomita tisa na nusu.
Hizo tatu na nusu ndizo bei ya shingo yangu.

Idwal, fundi wa seng'enge, akaja kuchukua nyundo yake.
Hakuketi. Mvua ilimdondoka kofiani ikaanguka Nant Ddu,
kana kwamba kijito kimepungukiwa.
"Hapa kuna waya mpya, nimeuvuta mwenyewe mwezi wa tatu.
Na hapa," kidole chake kikatua pahala peupe,
peupe kabisa, pasipo hata jina,
"hapa panameza kondoo mzima.
Ukiona kijani kinakuchekea, usikiamini.
Pita penye nyasi kavu, zile mbaya mbaya."
Nikachora duara. Ndani yake nikaandika: KIJANI MWONGO.

Saa moja kwa kila kilomita nne, maana tope halina haraka.
Dakika kumi kwa kila mita mia za kupanda.
Nusu saa ya kupotea, naitenga waziwazi
kama mpishi anavyotenga chumvi.
Ukungu ukishuka: nyuzi sabini kwenye dira,
hatua mia sita na arobaini,
nikihesabu mguu wa kushoto peke yake.
Saa saba ikifika nami sijaukuta ukuta wa mawe,
narudi.
Neno hilo nimelipigia mistari miwili.

Chini ya karatasi ikabaki nafasi ya mwisho:
jina la mtu atakayeshtuka.

Penseli ikasimama.
Mume sina. Mbwa hapokei simu.
Nilijua kimo cha kila kilima, sikujua
ni nani atakayetazama saa yake, saa mbili usiku,
akaona kuna kitu hakijarudi.

Nesta, dadangu. Miaka minne hatujasemezana,
tangu kondoo wa baba wauzwe
na sahihi kwenye karatasi ikawa yangu.
Simu ililia mara saba.
Sikumwomba radhi. Nilimsomea njia:
geti, mgongo, ukuta, zizi, ziwa.
Alinyamaza kama mtu anayenifuata nyuma,
akikanyaga nilipokanyaga.

Kisha: "Zizi la zamani umeliweka upande gani wa kijito?"
"Magharibi."
"Mashariki, Heulwen. Tulijikinga mvua mle,
ukalilia kiatu mpaka nikakuvalisha changu."

Nilikuwa nimesahau kiatu.

"Saa mbili," akasema. "Ikizidi dakika moja
nawaita watu wa uokoaji,
na nitawaeleza kichwa chako kilivyo."
Akakata simu kabla sijasema asante.

Nimefuta. Ramani imechubuka kidogo pale,
imeacha doa la kijivu.
Uzi nimeulaza upya, upite mashariki.
Umeongezeka mita mia mbili.